Namna ya Kuifanya Mitambo ya Jengo Isomane kwa Itifaki Huria: Mfano wa Jengo la Ofisi Jijini Dodoma

Chukua jengo la ofisi la ghorofa nne lililoko Dodoma, upande wa kuelekea Mtumba, ambako majengo mapya yamekuwa yakiongezeka tangu Serikali ilipohamishia shughuli zake makao makuu ya nchi. Jengo hilo lina kisima chenye pampu, tangi la chini na tangi la juu ya paa, jenereta yenye chenjiova inayojiendesha (swichi inayohamisha jengo kati ya umeme wa TANESCO na wa jenereta), viyoyozi, feni za kutoa hewa, taa za ndani na za nje, pamoja na mita za ndani zinazoonyesha matumizi ya umeme ya kila ghorofa. Kila kimoja kimeletwa na mkandarasi wake, kikiwa na kidhibiti chake, kioo chake na nywila yake. Umeme wa TANESCO unapokatika saa nane mchana mwezi Oktoba, jenereta inawaka kama ilivyopangwa, lakini pampu ya kisima haina habari kwamba sasa inakula dizeli. Inaendelea kuvuta maji ingawa tangi la juu limebakiza robo tu kujaa, huku viyoyozi vyote vikidai umeme kwa wakati mmoja. Mlinzi anakimbia kuzima kimoja baada ya kingine kwa mkono.

Mitambo hiyo ni mizuri, kila mmoja kwa kazi yake. Kinachokosekana ni kusomana, neno ambalo tumezoea kulisikia likisemwa kuhusu mifumo ya TEHAMA ya taasisi za umma, na ambalo linafaa vilevile kwa pampu na viyoyozi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufikia hali hiyo kwa kutumia itifaki huria za mawasiliano. Umeandikwa kwa ajili ya mhandisi wa majengo, msimamizi wa miliki au afisa anayeandaa zabuni, si kwa ajili ya muuzaji. Neno «huria» lililochapishwa kwenye kipeperushi halina uzito wowote mpaka liandikwe kwenye hati za zabuni kabla ya kununua, na lithibitishwe siku ya makabidhiano kwa kuunganisha kifaa cha mtengenezaji mwingine kabisa.

Maana ya itifaki huria

Itifaki ni kanuni za mazungumzo kati ya vifaa: nani aanze kusema, ujumbe upangwe vipi, na jibu litambulikeje. Itifaki inakuwa huria pale kanuni zake zinapokuwa zimechapishwa na chombo kisichokuwa mali ya mtengenezaji mmoja, mtu yeyote akawa na haki ya kutengeneza kifaa kinachozifuata, na kukawa na namna ya kupima kama kifaa hicho kinazifuata kweli. Sharti la tatu ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Nimewahi kukabidhiwa kidhibiti kilichoandikwa jina la itifaki maarufu kwenye boksi lake, lakini kilichoweza kutoa thamani tatu tu kati ya arobaini zilizokuwamo ndani yake. Zilizobaki zilisomeka kwa programu ya mtengenezaji peke yake, na programu hiyo ilihitaji leseni ya kulipiwa kila mwaka. Muuzaji hakuwa amesema uongo. Sisi ndio hatukuuliza.

Inafaa pia kutofautisha ngazi tatu za kusomana, kwa sababu wauzaji huzichanganya. Ngazi ya kwanza ni waya: vifaa viwili vinaweza kutumia aina moja ya waya, kwa mfano jozi ya RS-485, kiwango cha kupitisha ishara kwenye jozi ya nyaya, na bado visielewane hata kidogo. Ngazi ya pili ni itifaki yenyewe. Ngazi ya tatu ni maana: kifaa kinaweza kupokea namba 24 bila kujua kama ni nyuzijoto za chumba, asilimia ya maji kwenye tangi au volti za betri ya jenereta. Kazi kubwa ya mhandisi iko kwenye ngazi hii ya tatu, na hakuna kiwango kitakachomfanyia kazi hiyo bila yeye kukaa chini na kuandika.

Anza na orodha ya pointi

Kabla ya kutaja itifaki yoyote, andika nani anahitaji kujua nini. Katika jengo letu, pampu ya kisima inahitaji kujua usawa wa maji katika matangi yote mawili, usawa wa maji ndani ya kisima, na chanzo cha umeme kinachotumika kwa wakati huo. Viyoyozi vinahitaji kujua chanzo hicho hicho cha umeme, ratiba ya ofisi na joto la nje. Hilo la mwisho lina faida ya pekee hapa, kwa kuwa Dodoma ni nyanda za juu zenye hewa kavu, na usiku wa miezi ya Juni na Julai huwa wa baridi kiasi kwamba feni zikivuta hewa ya nje kabla ya mapambazuko, ghorofa za juu huanza siku zikiwa zimepoa bila kiyoyozi hata kimoja kuwashwa. Lakini feni haziwezi kufanya hivyo kama kihisi cha joto la nje kimefungwa ndani ya mfumo wa viyoyozi na feni ni za mtu mwingine.

Orodha hiyo huitwa orodha ya pointi. Kila mstari uwe na jina la pointi, maelezo yake kwa lugha ya kawaida, kipimo chake, kifaa kinakotoka, nani anaruhusiwa kuisoma, nani anaruhusiwa kuiandika, na mipaka ambayo ikivukwa king'ora kilie. Majina yafuate mpangilio mmoja usiobadilika, kwa mfano ghorofa, mtambo, kisha kinachopimwa. Mimi hupendelea majina mafupi ya herufi na tarakimu kwa ajili ya mashine, halafu maelezo kamili kwa Kiswahili kwa ajili ya fundi wa zamu, kwa sababu fundi anayeamshwa saa saba za usiku asilazimike kufasiri vifupisho. Jengo la ukubwa huu litakuwa na pointi mia moja na kidogo, na kuziandika kunachukua siku mbili au tatu za watu wanaolijua jengo. Siku hizo zitaokoa wiki nyingi mbele ya safari.

Kuchagua itifaki kwa kila kazi

Hakuna itifaki moja inayofaa kila mahali, na anayetaka kulazimisha moja kote ataishia kununua malango ya kutafsiri ambayo hakuyapanga.

Uti wa mgongo wa jengo uwe BACnet. Kazi ya kuitunga ilianza mwaka 1987 chini ya ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa joto, ubaridi na hewa. Ikawa kiwango cha Marekani nambari 135 mwaka 1995, na mwaka 2003 ikapokewa kimataifa kama ISO 16484-5. Nguvu yake ni kwamba ilitungwa kwa ajili ya majengo tangu mwanzo: haipeleki namba tupu, bali inapeleka vitu vyenye sifa. Kihisi cha joto ni kitu cha aina ya ingizo la analogi, chenye jina, thamani, kipimo na hali ya uzima wake. Ratiba ni kitu, kumbukumbu ya mwenendo ni kitu, na hata utaratibu wa kutoa taarifa za hatari ni kitu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile ngazi ya tatu ya kusomana inakuwa imekwisha kushughulikiwa.

Kwa mita za umeme, jenereta, vibadilishi vya umeme wa jua na viendesha mota, utakutana na Modbus utake usitake. Ilitolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, ni nyepesi, na karibu kila mtengenezaji anaiweka. Udhaifu wake ni kwamba haijui maana: inapeleka rejista, yaani visanduku vya kumbukumbu vyenye namba, na tafsiri yake iko kwenye karatasi. Nitarudi kwenye jambo hili, maana ndipo muda wa mafundi unapopotelea.

Taa zipewe DALI, itifaki ya kudhibiti taa, ambayo kanuni zake zimo katika IEC 62386. Mstari mmoja unabeba anwani 64, makundi 16 na mandhari 16 za mwanga, na kasi yake ya biti 1200 kwa sekunde, ambayo ingekuwa ndogo mno kwa kazi nyingine, inatosha kabisa kwa taa. KNX, itifaki nyingine ya majengo iliyomo katika ISO/IEC 14543-3, ni nzuri sana kwa swichi za vyumba na mapazia. Pale ambapo kuna fundi aliyefunzwa programu yake ya ETS, itumie bila wasiwasi. Pale ambapo hayupo, jiulize kwanza nani atabadilisha swichi moja baada ya miaka minne. Mita za maji zinazotumia M-Bus, itifaki ya kusomea mita, zinapatikana pia, na ni chaguo zuri kwa jengo lenye wapangaji wengi.

Lango la kutafsiri kutoka itifaki moja kwenda nyingine si dhambi, lakini kila lango ni boksi moja zaidi lenye mipangilio yake, umeme wake na pengine leseni yake. Panga malango mawili au matatu kwa jengo zima, yakae kwenye chumba kimoja kinachofungwa, na nakala ya mipangilio yake iwe mikononi mwako.

Kuandika masharti kwenye zabuni

Hapa ndipo penye kazi. Taratibu za manunuzi ya umma hazipendi zabuni itaje jina la mtengenezaji, na itifaki huria zinakusaidia kuzifuata: unataja namba ya kiwango na uwezo unaotaka, na mtengenezaji yeyote anayeukidhi anaingia. Sharti liandikwe kwa ukamilifu. Sentensi inayosema tu kwamba «mfumo uwe na uwezo wa BACnet» haimfungi mtu yeyote.

Dai kwamba kila kidhibiti kije na PICS, yaani tamko la mtengenezaji linaloorodhesha aina za vitu ambavyo kifaa kinavitambua, huduma inazotoa na aina za mtandao inazotumia. Dai pia kiwe kimeorodheshwa na BTL, maabara ya upimaji wa vifaa vya BACnet, na mzabuni aonyeshe orodha hiyo kwa toleo lile lile la programu litakalofungwa jengoni, kwa sababu kifaa kinaweza kuwa kilipimwa miaka kadhaa iliyopita kikiwa na programu nyingine. Kisha uambatishe orodha yako ya pointi na uandike wazi kwamba pointi zote zilizomo zitaonekana kwenye mtandao kama vitu vya BACnet vinavyosomeka, na zile zilizowekewa alama zitaandikika, bila leseni ya ziada na bila ada ya kila mwaka.

Usisahau mambo ambayo si ya kiufundi. Nywila za ngazi ya juu kabisa zikabidhiwe kwa mmiliki siku ya makabidhiano. Faili chanzi za programu za vidhibiti ziwe mali ya mmiliki, na chombo cha kuzihariri kitolewe pamoja na leseni isiyokwisha muda. Ramani ya rejista za kila kifaa cha Modbus itolewe kabla kifaa hakijanunuliwa, si baada ya kufungwa. Katika jengo moja nililowahi kulitunza, kidhibiti cha mtambo wa kupozea kiliungua msimu wa mvua, na kampuni iliyokifunga, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa imekwisha kuondoka nchini na nywila zake. Kidhibiti kipya cha aina ile ile kilipatikana, lakini programu yake haikupatikana. Tukaiandika upya kwa kutazama mtambo ukifanya kazi, jambo lililotuchukua karibu miezi miwili.

Nyaya, vumbi na radi

Sehemu hii ni fupi kwa sababu kanuni zake ni za zamani, ingawa ndiyo inayovunjwa zaidi. BACnet MS/TP na Modbus RTU, yaani aina za itifaki hizo zinazopita kwenye jozi ya nyaya badala ya mtandao wa kompyuta, zote hutumia RS-485, na RS-485 inataka waya upite kutoka kifaa hadi kifaa kwa mfululizo mmoja, kama shanga kwenye uzi. Usitoe matawi, wala usifunge nyaya zote kutoka sehemu moja kama miguu ya buibui. Weka kikinzani cha omu 120 kwenye ncha mbili za mwisho tu, hata kama vifaa viko thelathini katikati. Ngao ya waya iunganishwe na ardhi upande mmoja peke yake. Usipitishe waya huu kwenye bomba moja na nyaya za pampu au za viyoyozi.

Kati ya jengo na jengo, au kati ya jengo na nyumba ya pampu iliyo nje, tumia mkongo badala ya shaba. Mvua za Dodoma hunyesha kwa miezi michache, kati ya Desemba na Aprili, na huja na radi, na waya wa shaba uliozikwa kati ya majengo mawili yenye ardhi tofauti ni njia ya mkato ya kuunguza vidhibiti vya pande zote mbili. Miezi iliyobaki adui ni vumbi: kihisi cha joto la nje kikiwekwa ukutani bila kivuli upande wa magharibi, kitapima ukuta na jua, na feni zako za usiku zitafanya uamuzi kwa taarifa ya uongo.

Anwani na namba za vifaa

Kila kifaa cha BACnet kina namba ya utambulisho kati ya 0 na 4194302, na namba hiyo haipaswi kurudiwa popote kwenye mtandao mzima, hata kama vifaa viko kwenye majengo tofauti yaliyounganishwa. Panga namba kabla mkandarasi hajaanza, kwa mfano tarakimu za kwanza zionyeshe jengo, zinazofuata ghorofa, na za mwisho kifaa. Usimwachie kila mkandarasi mdogo achague, kwa sababu wote wataanzia namba 1, na vifaa viwili vyenye namba moja huleta hitilafu inayojificha: leo unasoma kifaa hiki, kesho kile.

Kwenye mstari wa MS/TP kila kifaa kinachopokezana zamu ya kusema kina anwani kati ya 0 na 127, na vyote viwe na kasi moja, kwa kawaida biti 38400 au 76800 kwa sekunde. Anwani zifuatane bila mapengo, na kile kipengele kinachotaja anwani ya juu kabisa kishushwe kutoka 127 hadi karibu na anwani yako ya mwisho, la sivyo vifaa vitapoteza muda vikiwaita wenzao wasiokuwapo. Kwa kawaida mimi hukomea vifaa thelathini kwa mstari mmoja. Zaidi ya hapo naanzisha mstari wa pili.

Kwenye mtandao wa IP, yaani mtandao wa kawaida wa kompyuta, BACnet hutumia UDP, njia ya kutuma ujumbe bila kusubiri uthibitisho, kupitia mlango (namba ya kupokelea ujumbe kwenye kifaa) 47808. Vifaa hutafutana kwa kutangaza, yaani kimoja kinauliza «nani yupo?» na vingine vinajitaja, na matangazo ya namna hiyo hayavuki ruta. Kwa hiyo kama jengo lina mitandao midogo kadhaa, kila mtandao mdogo uwe na BBMD moja tu, kifaa kinachobeba matangazo kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Zikiwa mbili kwenye mtandao mdogo mmoja, matangazo yatazunguka na kujirudia mpaka mtandao uzidiwe.

Kuisoma Modbus bila kupotea

Nilisema nitarudi hapa. Tuseme mita ya umeme ina karatasi inayosema kwamba volti za fezi ya kwanza ziko kwenye rejista 40011. Tarakimu ya 4 mwanzoni ni alama ya aina ya rejista tu, na hesabu kwenye karatasi nyingi huanzia 1 ilhali kwenye waya huanzia 0. Hivyo anwani halisi unayoiuliza ni 10. Watengenezaji wengine huandika moja kwa moja ile ya kwenye waya. Njia ya kuamua ni kujaribu zote mbili huku ukipima volti kwa mita ya mkono, kisha kuchagua inayolingana.

Ukipata jibu 2305, usidhani mita imeharibika. Mara nyingi thamani imezidishwa kwa kumi ili kubeba desimali, kwa hiyo ni volti 230.5. Tatizo gumu zaidi ni namba zinazochukua rejista mbili. Volti 230 kamili zikiandikwa kwa mfumo wa desimali inayoelea wa biti 32 huwa rejista mbili, ya kwanza ikiwa na 17254 na ya pili 0. Kifaa kinachosoma kikizipanga kinyume, kitaona namba ndogo mno, karibu na sifuri kabisa, na kioo kitaonyesha kwamba jengo halina umeme wakati taa zinawaka. Tiba yake ni kubadili mpangilio wa rejista kwenye lango, na kuandika mpangilio huo kwenye orodha ya pointi ili fundi ajaye asianze upya. Na mita unayoisoma iwe ya kwako, iliyofungwa baada ya ile ya TANESCO. Mita ya shirika si ya kuguswa.

Amri na vipaumbele

Mifumo ikishaanza kusomana, swali linalofuata ni nani atiiwe. BACnet inajibu kwa vipaumbele 16 kwa kila kitu kinachoamriwa: namba 1 ndiyo ya juu kabisa na imetengwa kwa usalama wa maisha unaoamriwa kwa mkono, namba 2 kwa usalama wa maisha unaojiendesha, namba 5 kwa ulinzi wa mitambo, namba 8 kwa mwendeshaji anayeamuru kwa mkono, na 16 ni ya chini kabisa. Amri ya juu ikiondolewa, iliyo chini yake inachukua nafasi, na zote zikiondolewa kitu kinarudi kwenye hali yake ya msingi.

Kwa pampu yetu, ratiba ya kawaida iandikwe katika kipaumbele cha 16. Amri ya kusimamisha pampu pale jenereta inapowaka na tangi la juu likiwa juu ya nusu iandikwe katika 12. Maji ya kisima yakishuka mno, amri ya kuzima iandikwe katika 5. Sasa fikiria fundi amekuja Jumamosi kufanya matengenezo, akawasha pampu kwa mkono katika 8, akaondoka bila kuiachilia. Ratiba itasema zima, jenereta itasema zima, na pampu itaendelea, kwa sababu 8 ni ya juu kuliko 12 na 16. Kuandika «zima» katika 8 hakuponyi tatizo, kunaligeuza tu: sasa pampu haitawaka tena. Tiba ni kuandika thamani tupu katika kipaumbele hicho, yaani kukiachilia. Tengeneza ukurasa mmoja kwenye kioo cha mwendeshaji unaoonyesha kila kitu kilichoshikiliwa katika 8, na uufanye uwe wa kwanza kutazamwa kila Jumatatu asubuhi.

Pamoja na hayo yote, ulinzi wa pampu dhidi ya kukimbia bila maji, na amri ya king'ora cha moto ya kuzima feni, viwe na nyaya zake za moja kwa moja. Mtandao utoe taarifa. Usiachiwe peke yake jukumu la kuokoa mota au mtu.

Usalama wa mtandao

BACnet ya kawaida kwenye IP na Modbus hazina nywila wala usimbaji. Yeyote aliyefika kwenye mtandao anaweza kuzima feni. Kwa hiyo vidhibiti viwe kwenye mtandao wao, uliotengwa na kompyuta za ofisi na Wi-Fi ya wageni, na mlango 47808 au ule wa 502 wa Modbus usifunguliwe kamwe kwenye intaneti. Mkandarasi anayetaka kuhudumia kutoka Dar es Salaam apitie njia iliyosimbwa, inayofunguliwa na mmiliki kwa saa maalumu. Mwaka 2019 kuliongezwa BACnet/SC, inayotumia TLS, njia ya kusimba mawasiliano, na vyeti vya kidijitali kwa kila kifaa. Kwa jengo jipya inafaa kuidai kwenye uti wa mgongo, mradi kuwe na mtu aliyepewa kazi ya kuhuisha vyeti kabla havijaisha muda, kwani cheti kikiisha kifaa kitatoka kwenye mazungumzo kana kwamba kimeng'olewa.

Majaribio ya makabidhiano

Siku ya makabidhiano usikubali maonyesho yanayofanywa kwenye kompyuta ya mkandarasi. Njoo na yako, iliyowekwa YABE, programu ya bure ya kuchungulia vifaa vya BACnet, na Wireshark ya kunasa ujumbe unaopita. Tangaza, na uhesabu vifaa vinavyojitaja. Idadi ilingane na ya mkataba. Chagua pointi ishirini kutoka kwenye orodha bila kumwambia mtu mapema, uzisome moja moja, na uzilinganishe na kipimo cha mkono: joto kwa kipimajoto, usawa wa tangi kwa kupanda juu ya paa na kutazama.

Kisha kata umeme wa TANESCO kwenye swichi kuu. Jenereta iwake, pampu isimame kama tangi linaruhusu, na viyoyozi vya ghorofa zilizopangwa vizime ndani ya muda ulioandikwa. Rudisha umeme na utazame kama kila kitu kinarejea bila mkono wa mtu. Chomoa waya wa mtandao wa kidhibiti cha pampu. Pampu iendelee kwa kanuni zake za ndani, na kioo kionyeshe wazi kwamba thamani zake hazisomeki, badala ya kuganda kwenye namba ya mwisho kana kwamba yote ni salama. Kuganda huku nimekuona mara nyingi kuliko kosa lingine lolote, na mkandarasi hataliona kama hukumwomba achomoe.

Jaribio la mwisho ndilo ambalo wengi hulipinga, kwa hiyo liandikwe kwenye zabuni mapema. Leta kidhibiti kidogo cha mtengenezaji ambaye hana kitu chochote jengoni, kiunganishe kwenye mtandao, na kisome joto la nje, kijiandikishe kupokea mabadiliko yake kila yanapofika nusu nyuzi, kisha kiandike amri kwenye feni moja katika kipaumbele cha 10 na kuiachilia. Feni ikiwaka na kuzima, pokea nywila, faili chanzi na nakala za mipangilio ya malango kwenye diski mbili, weka moja nje ya jengo, na utie saini. Isipowaka, andika kwenye fomu ya makabidhiano namba ya kifaa, kitu kilichoguswa na jibu la kosa kama Wireshark ilivyolinasa, na uahirishe malipo ya mwisho.